Mdogo Wangu Alipoigiza Mke Wake

Mimi ni mtu wa kuamrisha, sijawahi kulificha hilo. Nilizaliwa wa kwanza kwa mama yangu, nikabeba wadogo zangu mgongoni kabla sijajua kusoma, na nilipokuja kuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko kwetu upande wa Ushirombo, niliwaamrisha hata wazee waliomzidi umri baba yangu. Waliniheshimu na kuninung'unikia kwa pamoja. "Mwalimu, migongo inatuuma," waliniambia wakiwa wamejipinda kwenye madawati ya watoto, nami niliwajibu kwamba herufi haziandikwi kwa mgongo.

Nayasema haya mapema ili nisije kuonewa huruma isiyo yangu. Yaliyotokea hayakutokea kwa sababu nilikuwa mnyonge au sikujua. Nilijua, na neno langu lilikuwa linasikilizwa.

Mdogo wangu, mwanamume peke yake kati yetu, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Rwamgasa katika miaka ile ya mwanzo wa themanini, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na kanga zikifika kijijini zinaandikiwa majina. Alikaa huko miaka mitatu. Aliporudi hakuleta dhahabu wala godoro. Alileta kikohozi cha vumbi, na kiu. Alikunywa gongo asubuhi kabla ya uji. Aliuza plau, akauza ng'ombe wa kuivuta, kisha siku moja akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe akang'oa bati mbili zilizokuwa juu ya kitanda cha watoto. Mvua ilikuwa bado mwezi mmoja. Alipoteremka na bati kichwani alinikuta nimesimama uani, akanisalimia kwa adabu kabisa, "Shikamoo dada," akapita.

Mkewe, wifi yangu, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kunyamaza kwake kulinikera kuliko hata ulevi wa mdogo wangu. Nilimwendea nikamwambia, "Wifi, mpigie kelele! Ita majirani! Hata sufuria mrushie!" Alinitazama, akaendelea kukata viazi vya michembe na kuvianika juu ya jiwe. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemwona mjinga.

Pale parokiani palikuwa na katekista mmoja mzee, mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja pombe ya aina yoyote, jambo ambalo kwetu lilikuwa nadra kama mvua ya Julai. Walevi waliotaka kuacha walikuwa wakimwendea yeye. Aliwaapisha mbele ya altare Jumapili, na Jumapili ya pili wakawa wanarudi wakinuka, wanalia, wanataka kuapa tena. Akaja kwangu. "Mwalimu," akasema, "viapo vimeniishia. Wewe unajua michezo ya kuigiza na ngonjera. Nisaidie."

Nilikubali kwa sababu mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Walikuwa saba, wanaume sita na mama mmoja muuza pombe aliyekuwa akinywa alichopika. Tulikutana Jumamosi mchana katika darasa langu. Siku ya kwanza niliwaambia waigize kwa kweli kinachotokea nyumbani mlevi anaporudi. Nikamnyooshea kidole mdogo wangu: "Wewe utakuwa mlevi."

Akakataa. Hakuwahi kunikatalia kitu mbele za watu. "Huyo nimeshakuwa, dada," akasema. "Nikimrudia leo, kesho nani atanitoa?"

Katekista ndiye aliyesimama, akavua kofia yake, akasema basi yeye atakuwa mlevi, maana hana pa kurudi. Hapo hapo ikawa sheria yetu: mlevi ataigizwa na mtu ambaye hajawahi kulewa. Waliokuwa wanaacha wataigiza watu walioumizwa nao: mama mzazi, mtoto, jirani aliyeibiwa kuku, mganga wa zahanati. Mdogo wangu akasema atakuwa mke.

Katekista alikuwa mlevi mbovu kupindukia. Alitembea kama mtu aliyechomwa mwiba unyayoni, na kila alipotukana alitangulia kuomba radhi. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Lakini mdogo wangu alilichukua jambo lake kwa uzito. Alikwenda kwa mkewe akamwuliza, "Mimi nilipokuwa narudi nimelewa, ulikuwa unasemaje? Nataka maneno yako yenyewe."

Wifi yangu akamjibu, "Sikuwa nasema kitu. Nilikuwa nakaa mlangoni."

Akarudi kwangu amechanganyikiwa. Ataigizaje mtu asiyesema? Mimi na kimbelembele changu nilimwandikia maneno, ukurasa mzima wa kulalamika, wenye vina. Alisoma, akakunja karatasi, akanirudishia. "Siyo yeye huyu," akasema. "Huyu ni wewe."

Siku tuliyoonyesha mchezo huo kwa mara ya kwanza, uwanja wa shule ulijaa. Wifi yangu alikuwa amemwazima kanga yake ya pekee iliyokuwa nzima. Mdogo wangu alipotokea amejifunga kanga, na ndevu zake na miguu yake ya mchimbaji, watu waliangua kicheko, watoto wakapiga miluzi. Hakujali. Alikwenda akakaa chini kwenye kizingiti tulichokitengeneza kwa mti, akanyoosha miguu, akaweka viganja juu ya magoti, akatazama njia. Basi. Katekista alikuja na kelele zake, akapiga teke chungu, akaanguka, akaondoka. Mdogo wangu hakugeuza kichwa. Aliinuka mara moja tu kuokota vigae vya chungu, akavipanga vizuri pembeni, akarudi kukaa. Kicheko kilikuwa kimeshakatika zamani. Kuna akina mama walioanza kuondoka, wameficha nyuso kwenye kanga zao.

Nilimtafuta wifi yangu kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, mtoto mgongoni, analia waziwazi bila kujifuta. Mpaka leo sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kuliko ile saa. Nilikuwa nimesomesha watu miaka kumi na sikuwahi kufundisha chochote kilichofika mahali pale.

Akaacha kunywa. Siyo kwa siku mbili za kiapo, aliacha. Msimu wa pamba ukapita, mvua zikaja, akalima kwa jembe la mkono kwa kuwa plau hakuwa nayo, msimu mwingine wa pamba ukaingia. Aliezeka upya pale juu ya kitanda cha watoto, kwa nyasi. Kila Jumamosi alikuja, akakaa kwenye kizingiti chetu cha mti, akarudi nyumbani kwake mwenyewe akiwa na kanga ya mkewe imekunjwa kwapani. Katika wale saba, watano walikuwa wameshika ahadi. Tulianza kuitwa vijiji vya jirani, na sifa, lazima niseme, zilikuwa zinanijia mimi.

Ndipo ukaja mwaliko wa Sabasaba. Tuonyeshe mchezo huko machimboni, upande uleule wa Rwamgasa, mbele ya wachimbaji, na afisa utamaduni wa wilaya atakuwepo. Nilisikia kwamba akipendezwa atatupeleka mashindano ya mkoa. Sikulala kwa furaha. Niliwashonea wale watu mikanda ya shingoni kutokana na pazia langu.

Siku mbili kabla ya safari, katekista akashikwa na malaria. Nilimkuta amejikunja kitandani, anatetemeka, meno yanagongana. "Ahirisha, mwalimu," aliniambia. "Bila mimi msiende."

Nikasema nitaona. Nilikuwa nimeshaona. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu, nikamkuta anapalilia mihogo.

"Utakuwa mlevi," nikamwambia. "Siku moja tu."

"Na mke?"

"Mke atakuwa yule mama wa pombe. Ni kukaa tu mlangoni."

Alikung'uta udongo kwenye jembe lake. "Dada, sheria," akasema.

"Sheria niliitunga mimi," nikasema, ingawa haikuwa kweli. "Na wewe mwaka mzima na nusu hujagusa. Utakuwa unaogopa mpaka lini?"

Akasema ndiyo kwa sauti ndogo, kama alivyokuwa akisema ndiyo alipokuwa na miaka sita nilipokuwa nikimtuma maji.

Tulikwenda na lori la pamba, vumbi tupu. Machimboni palikuwa na watu kama siafu, mashimo yao, wenyewe wanayaita maduara, yamezungukwa na vifusi vya udongo mwekundu, na katikati uwanja uliofagiliwa kwa ajili yetu. Afisa utamaduni alipewa kiti chenye mito. Ngoma ikapigwa, saa nane mchana, jua linawaka.

Mdogo wangu alipoingia na chupa yake ya maji, sikumtambua. Sijui niseme nini zaidi. Katekista alikuwa akiigiza ulevi. Huyu alilegea kuanzia magotini, akashuka pole pole ndani ya mtu ninayemfahamu, akaanza kuimba nyimbo za mashimoni, akataja kwa majina ya utani maduara yaliyotema dhahabu na yale yaliyoua watu. Wachimbaji walipagawa. Walisimama, walirusha kofia. Alianguka, akainuka, akaomba chakula, akalia, akacheka, na kila alichofanya kilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimesimama kando ya ngoma na filimbi yangu mkononi, na nilikuwa najivuna. Naandika neno hilo kwa mkono wangu: nilikuwa najivuna.

Sasa, kwetu kuna desturi ya kutuza. Mchezaji akikukuna moyo, hungoji amalize. Unaingia uwanjani unampa kitu mkononi, kitambaa, kuku, ulichonacho. Na kama ni kinywaji, wewe mtoaji unaonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba hukutia dawa. Ukishaonja ukampa, hawezi kukataa. Akikataa amesema wewe ni mchawi, tena amesema mbele ya ndugu zako. Kwenye ngoma za mashindano watu wameshapigana fimbo kwa jambo hilo. Nilikuwa naijua desturi hii kama ninavyojua jina langu. Nimeichezea tangu utotoni. Na katika mipango yangu yote, mikanda ya pazia na lori na kila kitu, sikuifikiria hata mara moja, kwa kuwa katekista aliigiza vibaya na hakuna mtu aliyewahi kutamani kumtuza.

Mwanamume mmoja akatoka kwenye kundi. Yeye na mdogo wangu walikuwa wamechimba duara moja. Alikuwa analia kwa furaha ya kumwona. Mkononi alishika kata ya wanzuki, ile pombe ya asali. Akaonja. Akafuta mdomo wa kata kwa kiganja, akainyoosha kwa mikono miwili. "Wabeja, ndugu yangu," akasema. Asante.

Ngoma zikanyamaza kungoja apokee.

Mdogo wangu alikuwa ameshusha mikono. Ulevi wote wa kuigiza ulimtoka, akasimama wima, akageuka akanitazama. Uwanja mzima ule, watu mamia, alinitazama mimi. Nilikuwa na filimbi mkononi. Ningeweza kuipuliza, mchezo ungekwisha. Ningeweza kuingia nikaipokea kata mwenyewe, nikainywa mpaka chini, watu wangecheka wakanishangilia. Nimeyafikiria yote hayo baadaye, kila siku nimefikiria mengine. Wakati ule nilimfikiria afisa kwenye kiti chake, nikafikiria aibu, nikajiambia ni asali tu, funda moja.

Nikamwitikia kwa kichwa.

Akapokea, akanywa. Halikuwa funda moja. Watu walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo, na afisa utamaduni alipiga makofi kuliko wote.

Kwenye lori la kurudi aliimba njia nzima, amechangamka, ananitania kuhusu mikanda yangu ya pazia. Nikajiambia, si unaona, hana neno.

Jumamosi iliyofuata katekista alikuja darasani amekonda, anatembelea fimbo. Habari ilikuwa imeshamfikia. Akauliza mbele ya wote, "Nani alimruhusu kupokea?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa dawati la pili. Mimi nilikuwa mbele, ubaoni, mahali pangu. Na nikasema, "Alijichukulia mwenyewe."

Hakuinua uso. Alikuwa anakwangua ubao wa dawati kwa ukucha. "Ni kweli," akasema. "Nilijichukulia."

Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba anayeteleza kwa makusudi atakaa nje mwezi mmoja, asiigize, mpaka wenzake wamwite tena. Katekista alimwambia kwa upole, lakini alimwambia. Mdogo wangu akainuka, akapita katikati ya madawati, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka uwanja wa shule. Ningeweza kumkimbilia, sikuwa mzee wakati huo. Nikashika chaki nikaendelea na mchezo.

Mwezi ule hakuumaliza. Wiki ya pili alikuwa ameanza gongo, ya tatu akapanda gari la kwenda machimboni bila kuaga. Hapo nikaanza kulaumu. Nikamlaumu yule mchimbaji na kata yake. Nikamlaumu katekista na malaria yake, mtu wa Mungu aliyeugua siku isiyofaa. Hata wifi yangu nilimlaumu, kwamba angempigia kelele asingeondoka. Nilimwambia hivyo usoni. Alinikaribisha kiti.

Baada ya kuvuna nilimfuata. Nilifika mchana, nikamsikia kabla ya kumwona, yaani nilisikia kicheko cha watu kutoka kilabuni. Walikuwa wanapiga kelele, "Mama akae! Mama akae!" Nikachungulia. Mdogo wangu alikuwa amejifunga kanga chakavu ya mtu, amekaa kwenye kizingiti cha kilabu, viganja juu ya magoti, anatazama njia. Mmoja akamwekea kopo la gongo karibu na mguu. Hakuligusa mpaka walipomaliza kucheka. Kisha akalinywa, wakapiga kelele tena, akakaa tena.

Aliponiona alisimama. "Shikamoo dada."

"Marahaba," nikasema. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka, mimi ambaye sikuwa nimewahi kumsihi mtu. Alinisikiliza kwa adabu, anayumba. Alisema nimwambie mama watoto kwamba anakuja. Hakuja. Mvua za kwanza zilipokatika tuliletewa habari kwamba amekufa na wenzake wamekwisha kumzika, maana hakuna gari lililokubali kupita kwenye tope. Kikundi kilikuwa kimeshavunjika. Katekista alimwombea kila Jumapili kwa jina, akimtaja kama mtu aliyevunja ahadi yake na kuhitaji rehema, nami nilikaa kiti cha mbele nikiitikia amina.

Miaka minne niliishi hivyo. Nilikuwa nakwenda kwa wifi yangu kila Alhamisi, nawasaidia watoto masomo. Kila nikiondoka alinifungia michembe au viazi vibichi kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka njia panda. Hakuwahi kukosa kunisindikiza. Watu walisema, yule mwalimu anampenda wifi yake, nami niliacha waseme.

Alhamisi moja nilishindwa. Alikuwa anamenya viazi, mimi nimekaa kando yake, na yule mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa mgongoni siku ya mchezo wa kwanza, alikuwa anatusomea kitabu kwa sauti, anajivuna kwa kila neno. Nilimwambia akachote maji. Alipotoka nikasema yote kwa mara moja, bila vina. Kwamba mumewe hakujichukulia kata. Kwamba alinitazama na mimi nikamwitikia. Kwamba nilisema uongo mbele ya wenzake, naye akaubeba.

Wifi yangu aliendelea kumenya kiazi kile mpaka kikaisha, akakitia kwenye maji.

"Najua," akasema. "Alinieleza siku ileile mliyorudi na lori."

Miaka minne ya michembe na kusindikizwa njia panda ilinipanda kifuani.

"Hukunichukia?" nikamwuliza. "Yeye hakunichukia?"

"Akuchukie kwa nini? Alirudi anafurahi, wifi. Aliwaamsha watoto awaeleze. Alisema, dada amenitazama mbele ya watu wote, akaniitikia kwa kichwa." Akachukua kiazi kingine. "Alidhani umemwona amepona."